Mataulo matatu kwenye mashine yangu ya kudarizi

Nadarizi majina kwenye mataulo hapa Kirumba, Mwanza, hasa ya sendofu, yaani sherehe ya kumuaga bibi harusi. Mwezi uliopita mama mmoja wa Igoma aliniagiza mataulo 12 ya binti yake. Kabla ya kununua yote nilichukua matatu ya aina tofauti, nikayadarizi jina moja, nikayafua mara mbili.

La kwanza nililinunua dukani katikati ya mji kwa 25,000. Jeupe, nene. "Mama, hili la hoteli kabisa," kijana akaniambia. Nililipeleka kwa jirani anayeuza sukari tukalipima: gramu 680. (Taulo la sentimita 70 kwa 140 ni karibu mita moja ya mraba, kwa hiyo gramu zake zinakuonyesha uzito wa kitambaa chenyewe. Mizani inasema kuliko mkono.) Fremu, ile inayobana kitambaa kwenye mashine, iligoma kufunga. Nilipoilazimisha, manyoya yalilala na kuacha alama ya duara ambayo hata kufua hakukuitoa. Herufi nyembamba zilizama. Kwa kuogea ni taulo zuri mno, ila msilipeleke kwa fundi wa kudarizi.

La pili, la Makoroboi, 8,000, laini kama hariri. Nilichomoa uzi mmoja nikauwasha kiberiti: ukayeyuka, ukabaki kipunje kigumu cheusi. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu. Hilo ni poliesta, maji halinywi, na sindano ilipoanza kujaza herufi likajikunja kuzunguka jina kama uso wa mtu aliyeuma ukwaju. Sitalinunua tena.

La tatu ndilo. 14,000, gramu 480, pamba tupu. Ukilipinda kidoleni huoni kitambaa cha chini, kwa sababu vitanzi vyake ni vifupi na vimebanana, hivyo uzi una mahali pa kukaa. Kasoro yake ni ule ukanda bapa karibu na pindo, ambapo wateja wote wanataka jina. Nilipolifua, taulo lilipungua kutoka sentimita 140 hadi 134, ukanda haukupungua sawa nalo, ukafanya mawimbi. Kwa hiyo sasa nafua kwanza, kwa maji ya uvuguvugu bila dawa ya kulainisha, kisha naweka jina vidole viwili juu ya ukanda.

Taulo silibani tena kwenye fremu. Nabana karatasi ya kuchana peke yake (ile inayokaa chini ya kitambaa kukishikilia, kisha huchanwa na kutolewa), napulizia gundi, nalilaza taulo juu na kulishika kwa pini mbali na njia ya sindano. Juu yake natandaza nailoni inayoyeyuka kwa maji ili manyoya yasichomoze katikati ya herufi. Sindano ya saizi 75/11 yenye ncha butu, herufi nene, na uzi wa poliesta, maana mataulo meupe yatakutana na jiki siku moja na uzi wa rayoni utapauka. Kwenye uzi poliesta naikubali kabisa.

Nilirudi kununua ya aina ile ya tatu. Ya rangi ya maziwa yalikuwa yamebaki manane, nikaongeza manne ya bluu. Nilimpigia mama kumweleza, akasema hayo ya bluu yaende upande wa bwana harusi.