Protamini baada ya mashine ya moyo na mapafu: uzoefu wangu

Kwa kazi ya kuzima heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda ndani ya mashine) mgonjwa akishatoka kwenye mashine, protamini naipa alama za juu. Ndani ya dakika tano hivi imeshamaliza kazi, na kwenye chumba cha upasuaji hakuna dawa nyingine ya kushika nafasi yake. Kwa tabia, alama zinashuka: haitaki haraka wala haitaki kuzidishwa.

Tuanze na kipimo, maana hapo ndipo wengi hukosea. Kanuni ya zamani ni miligramu 1 kwa kila yuniti 100 za heparini yote aliyopata mgonjwa. Chukua mgonjwa wa kilo 70: yuniti 300 kwa kilo ni 21,000, na akiongezwa 5,000 mara mbili wakati wa upasuaji, jumla ni 31,000. Kanuni hiyo inakudai miligramu 310, ilhali sehemu ya heparini mwili umeshaivunja. Mimi nahesabu dozi ya kwanza peke yake, kwa uwiano wa 0.8, napata miligramu 168, yaani karibu mililita 17 za dawa ya miligramu 10 kwa mililita. Protamini ikibaki bila heparini ya kushikana nayo, inadhoofisha chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuganda) na yenyewe inazuia damu kuganda. ACT (kipimo cha muda wa damu kuganda) inarefuka, mtu anadhani heparini bado ipo, anaongeza protamini. Damu inazidi kuchuruzika.

Kabla ya tone la kwanza, sema kwa sauti ili mwendesha mashine na mpasuaji wasikie wote. Mirija ya kufyonza damu kuirudisha kwenye mashine izimwe mapema. Protamini ikiingia humo, damu inaganda ndani ya oksijeneta, sehemu ya mashine inayotia damu oksijeni, na huna tena pa kukimbilia. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi kuona protamini imevutwa kwenye bomba la sindano na kuwekwa jirani na heparini wakati mashine bado inazunguka.

Anza na miligramu 10, tazama presha, kisha mimina iliyobaki polepole kwa dakika 10 hadi 15, kwa pampu ya sindano ikiwezekana. Presha ikishuka kidogo, mara nyingi ni kasi ya kumimina tu: simamisha, ongeza maji ya mshipani, endelea taratibu. Ikishuka pamoja na kifua kubana au ngozi kuvimba, hiyo ni anafilaksia, yaani mzio mkali. Simamisha kabisa, toa adrenalini. La kutisha zaidi ni presha ya mapafu kupanda ghafla: upande wa kulia wa moyo unavimba mbele ya macho yako huku wa kushoto ukibaki mtupu. Hapo huenda ukahitaji heparini dozi kamili na kurudi kwenye mashine, hivyo mrija wa aota usitolewe mapema. Aliyezoea insulini ya NPH (yenye protamini ndani yake), aliyewahi kupewa protamini na mwenye mzio wa samaki waangalie kwa jicho kali zaidi.

Dakika tano baadaye pima ACT, linganisha na ile ya kabla ya heparini. Ikiwa bado ndefu, pima nyingine yenye heparinasi, kimeng'enya kinachovunja heparini: zikilingana, tatizo si heparini. Tafuta fibrinojeni (protini ya kugandisha damu), chembe sahani, kalsiamu na baridi ya mwili. Damu iliyobaki kwenye mashine ikirudishwa kwa mgonjwa inarudi na heparini yake, na hapo miligramu 25 hadi 50 za nyongeza zina maana. Heparini pia huweza kujitokeza upya saa chache baadaye ICU, kwa kuwa protamini huisha mwilini kabla yake.

Kwa dawa za vidonge za kuzuia damu kuganda protamini haisaidii. Dabigatrani huzimwa na idarusizumabu, gramu 5. Warfarini inataka vitamini K na mchanganyiko wa vigandishi. Andeksaneti, dawa ya kuzima vidonge kama apiksabani na rivaroksabani, usiiguse kabla ya mashine: heparini itagoma kufanya kazi wakati unaihitaji kuliko chochote.