Raba za Turubai kwa Yom Kippur
Yom Kippur, Siku ya Upatanisho ya Wayahudi inayoangukia tarehe 10 ya mwezi wa Tishri, hutuzuia kwa takriban saa 25 kula, kunywa, kuoga, kujipaka mafuta, kukutana kimwili na kuvaa viatu vya ngozi, na kwa sababu hiyo ya mwisho nilinunua raba hizi za turubai. Kabla ya Kol Nidrei, sala ya jioni inayoifungua siku hiyo, nilizikagua mshono kwa mshono, maana viatu vingi vya kitambaa hufichwa kipande cha ngozi kisiginoni, hizi hazina. Kamba zake, kwa bahati mbaya, zinateleza na kufunguka ovyo. Soli ya mpira ni nyembamba, na kufikia Neila, sala ya kuifunga siku, ambapo sanduku la Torati huachwa wazi na waumini husimama muda mrefu, nyayo zilikuwa zikiwaka moto. Hata hivyo nisingependa soli nene zaidi, kwani kila nilipojipiga kifua kwa ngumi nikiungama dhambi, niliuhisi ubaridi wa sakafu na kukumbuka nimesimama mbele ya nani. Shofa, pembe ya kondoo dume inayopulizwa kutangaza mwisho wa mfungo, ilipolia, sikuwa na haraka ya kuzivua.