Programu iliyomfundisha mume wangu Kiingereza, ikanitukana mimi

Jamani, kabla hamjanasa kwenye lile tangazo la "soma kila siku, urudishiwe pesa yako yote", nisikilizeni kwanza. Mwenzenu nimelipa, nimesimamia masomo kila usiku kama mwalimu wa zamu, na malipo yangu yamekuwa kuambiwa na mtu wa huduma kwa wateja kwamba kama Kichina kinanishinda, nitafute rafiki Mchina anisomee masharti. Mimi! Niliyezalia Guangzhou, ninayebishana bei na wenye viwanda kila siku ya Mungu, ninayeishi nyumba moja na mama mkwe ambaye Kichina chake cha taifa, kwa sababu yeye ni wa Kikantoni, mimi ndiye ninayemsahihishia akipiga simu benki.

Jina la programu silitaji. Ukiwa China na una simu, tangazo lake umeshaliona, labda leo asubuhi.

Sisi tuna ofisi ya kargo karibu na Xiaobei, mtaa wa hapa Guangzhou. Wateja wa Kariakoo ni wangu, wananitumia sauti kwa Kiswahili, wengine usiku wa manane kana kwamba huku hatulali. Wateja wa Lusaka, Accra na Lagos ni wa baba watoto, maana Kiingereza changu cha shule ya kata kinaishia kwenye salamu na bei. Yeye ana cheti. Amefaulu ule mtihani wa Kiingereza wa wanafunzi wa vyuo vya China, CET-4, ulioanza mwaka 1987, ambao alama zake za juu kabisa ni 710 na ukipata 425 watu wanakuhesabu umevuka. Mtihani huo unadai maneno kama 4,500. Maneno anayo kweli, ila ni maneno ya magazeti na hotuba. Aliwahi kumwandikia mteja wa Accra aliyechelewesha malipo kidogo tu: "We cannot tolerate this, we shall terminate." Yule baba akanipigia mimi kuuliza kama tumeshampeleka mahakamani.

Halafu ikaja ile ya Lusaka. Siku ya kupakia, mteja anaandika: "Please hold off, the supplier has let me down." Mume wangu kila neno humo analijua. Hold ni kushika, let ni kuruhusu, down ni chini. Akaenda stoo akawaambia vijana wapakie kwa upole, mteja ana wasiwasi mzigo usije ukadondoka. Kontena likafungwa, likaenda zake bandari ya Nansha, na nusu ya mzigo wa watu bado iko kiwandani. Mteja alikuwa anasema tusubiri, mwenye kiwanda kamwangusha. Hasara hiyo siisemi hapa, mama mkwe anaweza kuwa na mtu wa kumsomea.

Kwa hiyo nikanunua programu. Niliinunua mimi, kwa simu yangu, kwa pesa yangu. Ilinivutia kwa sababu ilikuwa na sehemu nzima ya vile vitenzi vya maneno mawili matatu, put off, put up with, look into, turn down, na ilijieleza kuwa imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayefikiri kwa Kichina. Na mimi nikasema nitakaa pembeni nidokoe, Kichina nakisoma, na ya kumfundisha mtu Kiingereza kwa Kiswahili kwa kiwango kile sikuwahi kuiona.

Ilianza vibaya. Wiki za mwanzo ilikuwa orodha tu. Neno upande huu, maana ya Kichina upande ule, gusa, pita. Mume wangu akacheka, akaniambia Wachina wote waliosoma wanalijua neno "abandon", yaani kuachana na jambo, kwa sababu ndilo la kwanza kwenye vitabu vya msamiati vilivyopangwa kwa alfabeti; mtu ananunua kitabu Januari, analisoma hilo, analitii. Na kila ukurasa wa programu unakukumbusha kwamba ratiba ya marudio imepangwa kwa sayansi ya Ebbinghaus. Nikamtafuta huyo Ebbinghaus. Ni Mjerumani aliyechapisha kazi yake mwaka 1885 baada ya kujipima mwenyewe namna anavyosahau, na alichokuwa anakariri ni silabi alizozitunga makusudi zisiwe na maana. Nikasema basi, ndiyo maana. Kwao "put up with" nayo ni silabi tatu zisizo na maana, unazimeza kavu.

Hapo ningeandika nyota moja nikalala. Lakini lazima niseme kweli, masomo ya katikati ni kitu kingine. Sijui waliajiri mwalimu mwingine au yule wa kwanza alifukuzwa. Kuna mwanamke anafundisha kwa video fupi fupi, na badala ya kukupa orodha anaanzia nyumbani kwako. Anasema ninyi mnalia kwamba Kichina hakina vitu hivi, na "qilai" je? Zhan qilai, mtu amesimama. Xiang qilai, mtu amekumbuka. Xiao qilai, mtu ameanza kucheka. Kipande kilekile cha nyuma, mara kinakwenda juu kweli, mara hakuna juu wala chini, ni jambo tu limeanza au limerudi kichwani, na hakuna mtoto wa Kichina aliyekariri hilo kwenye jedwali. Halafu anaileta "up" ya Kiingereza na kuipanga hivyo hivyo: stand up inayoonekana kwa macho, kisha turn up, mtu katokea, kisha use up, kitu kimeisha kabisa. Mume wangu alinyanyuka kwenye kochi. Miaka yote hiyo alikuwa anadhani ni uchawi wa Waingereza.

Na mimi pia niliambulia. Sisi kwetu tunapachika mambo yetu ndani ya kitenzi chenyewe, funga, fungua, fungia, fungana, kwa hiyo nilipoacha kutafuta neno la pili lina maana gani peke yake, nikaona kumbe ni kiambishi tu kilichokosa adabu kikakaa nje.

Yule mwalimu alisema pia jambo lililomfariji sana mume wangu, kwamba kuvikwepa vitenzi hivi si ujinga wake peke yake. Nilifuatilia, ni kweli. Mwaka 2004 watafiti Yan Liao na Yoshinori Fukuya walichapisha utafiti juu ya Wachina wanaojifunza Kiingereza, wakaona wale wa kiwango cha kati wanavikimbia na kuchagua kitenzi cha neno moja, hasa pale ambapo maana imejificha. Waliobobea wanavitumia karibu sawa na wenye lugha. Kwa hiyo "tolerate" na "terminate" za mume wangu zina wenzake wengi.

Sasa njooni kwenye usiku wenyewe.

Ule mpango wa kurudishiwa pesa masharti yake ni haya: kila siku bila kuruka, kabla ya saa sita usiku, umalize somo, kisha ubandike picha yake kwa marafiki zako kwenye WeChat ili na wao waone. Wanaiita daka, neno lile lile la kugonga kadi ukiingia kazini. Kipindi chote kikiisha hujakosa, ada yako inarudi. Ukikosa siku moja, imekwenda. Mimi mtoto wa mfanyabiashara, nikasema pesa hii inarudi. Tuligonga kadi tukiwa na mafua. Tuligonga kadi kwenye treni ya kwenda kwao sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina, watu wamebanana, mtoto analia, mimi nimeinua simu juu kutafuta mtandao. Shemeji zangu walishachoka kuona picha za maneno yetu, mmoja akanizuia nisionekane kwake kabisa.

Zimebaki siku chache kumaliza. Saa tano na nusu usiku, somo limekwisha, mume wangu anabonyeza kitufe cha mwisho. Kinazunguka. Tukazima intaneti tukawasha. Kinazunguka. Tukatumia simu ya mama mkwe kama modemu. Kinazunguka. Nikapiga skrinishoti, saa inaonekana, somo linaonekana limejaa, na kile kiduara kinaonekana. Ilipofika saa sita na dakika moja programu ikafunguka vizuri kabisa, kwa mbwembwe, na kutuandikia: siku ya kwanza, karibu!

Kwanza wakanipa roboti. Nikaandika "binadamu" mpaka vidole vikauma. Akaja mtu. Huku wauzaji wa mtandaoni humwita kila mteja "qin", yaani mpendwa. Basi tukaanza. Mpendwa, mfumo unaonyesha hukumaliza. Nikamtumia skrinishoti. Mpendwa, picha ya simu haiwezi kuwa ushahidi. Nikamwuliza ushahidi ni nini basi. Mpendwa, ushahidi ni mfumo. Nikamwambia mfumo ndio ulioharibika. Mpendwa, mfumo hauonyeshi kwamba uliharibika.

Mpaka hapo nilikuwa nacheka kidogo. Akaongeza: mpendwa, kujifunza lugha ni kwa faida yako, usiweke moyo kwenye pesa ndogo. Nikamwandikia, tena kwa Kichina kilichonyooka, kwamba pesa ndogo hiyo ni ninyi mlioiweka kwenye tangazo kwa herufi kubwa. Akanyamaza kidogo. Nadhani ndipo alipofungua akaunti yangu akaiona picha yangu, kilemba na sura yangu nyeusi. Likaja lile: mpendwa, kama wewe ni mgeni na Kichina kinakusumbua, mwombe rafiki Mchina akusomee masharti.

Kha! Sikumaliza kusoma nilikuwa nimeshasimama. Dakika moja nyuma ulikuwa unanielewa vizuri tu, ukajibu kila hoja, leo baada ya kuona picha Kichina changu kimeharibika ghafla? Nimeshaambiwa mengi kwenye teksi na kwenye lifti za nchi hii, lakini hayo ni ya bure. Hili nimelilipia.

Mume wangu ananitazama tu. Na mnajua aliniambia nini? Kwa Kiingereza, taratibu, kwa matamshi ya yule mwalimu: "Calm down. Let it go. Get over it." Matatu, mfululizo, yote ya somo la wiki ile. Wallahi sikujua nimpige au nimpigie makofi. Miaka na miaka mtu hawezi kutoa "hold on" mdomoni, leo anayamwaga kama maji, na anayamwagia mimi.

Nikaandika kwamba kesho nawapigia 12315, namba ya malalamiko ya walaji ambayo nchi nzima inaijua. Hapo "mpendwa" akabadilika sauti. Akaja msimamizi. Pole nyingi, maua mengi. Pesa? Hapana, ila tunapewa miezi ya ziada bure na "cheti cha ujasiri". Cheti! Kuhusu yale maneno ya rafiki Mchina, msimamizi akasema mwenzake alikuwa na nia ya kusaidia.

Je, niwashauri muinunue? Nilikaa nikiwaza nyota tatu, kwa sababu ya yule mwalimu wa video peke yake. Majuzi mteja yule yule wa Lusaka, aliyerudi kwetu kwa neema ya Mungu, aliandika kwamba benki inamchelewesha, akaomba tusiupakie mzigo bado. Mume wangu akajibu bila kuniuliza, bila kamusi: "No problem, we'll hold off until you sort it out." Nikaisoma mara mbili. Nyota nne, nikasema moyoni, wanastahili.

Halafu nikafungua programu nianze kuandika, ikanisalimia: mpendwa, umekosa siku kadhaa, usikate tamaa. Nyota moja. Na hiyo moja ni ya mwalimu, wasije wakaigusa.

Wanaong'ang'ania kuinunua, nawaomba hivi: lipeni bei ya kawaida, msiingie kwenye mpango wa kurudishiwa pesa, rukeni orodha zote za mwanzo, nendeni moja kwa moja kwenye video. Mifano yao msiitegemee kwa kazi, ni hali ya hewa na chai ya London tupu, kontena halimo wala bandari haimo. Mume wangu mifano yake anaokota kwenye meseji za wateja. Na kama mna picha ya akaunti, wekeni ua.

Uanachama wetu unakaribia kuisha. Baba watoto anataka tuongeze mwaka mwingine. Nimemwambia alipe yeye, kwa simu yake, kwa jina lake la Kichina, na siku kile kiduara kitakapoanza kuzunguka asije kuniamsha.