Ruzuku ya saratani ya matiti: kambi ya upimaji au nauli ya mgonjwa?

Tuseme kikundi cha akina mama Mbagala kimepata ruzuku ndogo. Kambi ya upimaji ina mvuto wake: mahema, spika, foleni ya kanga tangu asubuhi, na muuguzi anayepapasa titi kwa ncha za vidole, kisha kwapa. Kwa siku moja wanapimwa wengi, na mfadhili anapata picha zake (hilo nalo lina uzito, tusidanganyane). Ila uvimbe ukionekana, kambi imeishia hapo. Bado kuna ultrasaundi, kutolewa kinyama kwa sindano, na kusubiri majibu ya maabara. Mama anayekaanga mihogo hufikiria nauli kwanza.

Hela ya kumhudumia mgonjwa haina shamrashamra. Mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani jijini Dar es Salaam, huenda kwa wiki kadhaa. Ni kupanda gari kwenda na kurudi, mwili umechoka, ngozi ya kifua inawaka chini ya sidiria. Anayetoka Lindi anahitaji na pa kulala.

Mimi ningempa mgonjwa. Kambi ningeikubali kwa sharti moja: atakayekutwa na uvimbe aondoke na tarehe ya kipimo, nauli mkononi, na namba ya mtu wa kumpigia.