Robben Island au Alcatraz: uende wapi?

Vyote viwili ni visiwa vilivyokuwa magereza na sasa hutembelewa na watalii: Robben Island karibu na Cape Town, Afrika Kusini, na Alcatraz karibu na San Francisco, Marekani. Kwa mfuko, Robben Island inaongoza mapema. Mkenya au Mtanzania huingia Afrika Kusini kwa matembezi mafupi bila viza. Marekani utaanzia ubalozini, na huko hakuna uhakika.

Usafiri ni kinyume. Boti ya kwenda Alcatraz kutoka San Francisco huchukua kama dakika 15. Ile ya Cape Town huenda nusu saa na zaidi, na upepo ukichachamaa safari inafutwa, kwa hiyo usiiweke siku yako ya mwisho mjini.

Utamu uko kwenye simulizi. Alcatraz (gereza la serikali kuu ya Marekani, 1934–1963) ina jambazi maarufu Al Capone na mkasa wa Juni 1962: wafungwa 3 waliacha vitandani vichwa bandia vyenye nywele za kweli, wakapenya ukutani, wasionekane tena. Unazunguka na visikilizi masikioni, ukisikiliza maelezo yaliyorekodiwa, kwa mwendo wako. Robben mnakwenda kikundi, tena mnaharakishwa, lakini gerezani huongozwa na watu waliofungwa humohumo. Kwangu mimi, rekodi haifui dafu hapo. Seli ya Mandela, mfungwa namba 466/64, ni finyu mno. Alianza kwa kulala sakafuni juu ya mkeka.

Majengo? Chumvi huyala kote. Alcatraz ilifungwa kwa gharama: hata maji yaliletwa kwa boti.

Una viza na watoto wapenda mikasa, nenda Alcatraz. Una mzazi aliyefuatilia ukombozi redioni, mpeleke Robben, na usichelewe: waongozaji wale wanazeeka.