Uzoefu wangu: nilirudisha gari la mkopo kabla ya muda, nikadaiwa pauni 4,245

Naandika haya kwa ajili ya Waswahili wenzangu tunaoishi Uingereza, hasa wale ambao, kama mimi, walitia saini mkataba wa gari wakiwa na haraka ya kuanza kazi. Mimi ni mhudumu wa wazee majumbani mjini Leicester, na Februari 2021 nilichukua Toyota Yaris iliyotumika kupitia kampuni ya fedha ambayo sitaitaja jina. Mkataba wenyewe ulikuwa wa ile aina ambayo unatoa kianzio, unalipa kila mwezi, na gari linabaki mali ya kampuni mpaka umalize senti ya mwisho. Kianzio kilikuwa pauni 1,200, na malipo yalikuwa pauni 240 kwa miezi 60, kwa hiyo jumla ya bei pamoja na riba ilifika pauni 15,600.

Sina lawama juu ya gari, wala juu ya kijana aliyeniuzia. Kwa miaka miwili nililipa bila kuchelewa hata siku moja. Januari 2023 mwajiri wangu alinipunguzia saa za kazi karibu nusu, nikapata nafasi nyingine hospitalini ambako basi linanishusha mlangoni. Gari likawa linalala nje, huku bima, kodi ya barabara na zile pauni 240 zikiendelea kukatwa.

Nilipopiga simu kuuliza namna ya kutoka katika mkataba, nilijibiwa kwa adabu kubwa kwamba njia ni moja tu, nayo ni kulipa pauni 7,310 kwa mkupuo, kisha gari liwe langu nilifanye nitakavyo. Muuza magari mmoja alikuwa tayari kulinunua kwa pauni 5,600, maana yake ningetoa mfukoni pauni 1,710 na kubaki bila gari. Nakiri kwamba sikushangaa. Kwetu Dar es Salaam binamu yangu aliendesha pikipiki ya mkataba miezi kumi, akipeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, na siku alipoumwa akairudisha hakuondoka na chochote. Kichwani mwangu kitu cha mkataba kilikuwa hivyo: ukikiacha njiani, umeumia.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Unguja anayeendesha teksi hapa mjini, ambaye amekwisha kubadilisha magari ya namna hii mara nne. Nilimweleza tukiwa kwenye hitima, akaniambia, "Mwanangu, kabla hujawalipa, kaisome ile karatasi yako. Tafuta kisanduku kinachosema haki yako ya kusitisha." Usiku ule nilitoa mkataba kabatini, na kweli, ukurasa wa tatu palikuwa na kisanduku chenye mistari myeusi ambacho nilikuwa nimekipita wakati natia saini. Kilisema kwamba nina haki ya kusitisha mkataba kwa kumwandikia yule ninayemlipa, na kwamba kampuni itastahili kurudishiwa gari pamoja na nusu ya jumla ya bei, na nusu hiyo ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu: pauni 7,800. Kiliendelea kusema kwamba kama nimeshalipa kiasi hicho pamoja na malimbikizo yoyote, na nimelitunza gari inavyostahili, sitadaiwa zaidi.

Kisanduku hicho si hisani ya kampuni. Kinatokana na vifungu vya 99 na 100 vya Sheria ya Mikopo ya Watumiaji ya Uingereza ya mwaka 1974, na mkataba hauwezi kukupokonya haki hiyo hata ukiandikwa kwa wino wa dhahabu. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu: kianzio 1,200 na miezi 24 mara 240, jumla 6,960. Upungufu wa kufikia nusu ulikuwa pauni 840, yaani karibu nusu ya hasara ambayo ningeipata kwa kulinunua gari na kuliuza. Niongeze tu kwamba mwenye mkataba wa ile aina nyingine, wenye malipo makubwa ya mwisho, atakuta kwamba malipo hayo nayo yanahesabiwa ndani ya jumla, kwa hiyo nusu yake hufika kwa kuchelewa sana, mara nyingi baada ya mwaka wa tatu.

Nilikwenda Citizens Advice, shirika linalotoa ushauri wa bure kwa wananchi, kuhakikisha. Mshauri alinisikiliza kwa dakika arobaini bila malipo, na aliniambia mambo mawili ambayo baadaye yaliniokoa. La kwanza, niandike barua yangu mwenyewe badala ya kutegemea fomu ya kampuni, na niiandike kabla sijaanza kushindwa kulipa, kwa sababu kampuni ikishausitisha mkataba yenyewe kwa kosa la kutolipa, haki hii hupotea. La pili, nichunge neno. Kwa Kiingereza kuna neno la kusitisha kwa hiari (voluntary termination) na kuna neno la kusalimisha kwa hiari (voluntary surrender), na anayesikia kwa haraka huyaona ndugu. Ukisitisha, deni lako linaishia kwenye nusu. Ukisalimisha, umekubali kwamba umeshindwa, gari linapigwa mnada na salio lote linabaki shingoni mwako. Nadhani sisi tuliojifunza Kiingereza ukubwani ndio tunaonaswa kirahisi zaidi hapo, kwa kuwa tunajibu "ndiyo" kwa sauti ya mtu na si kwa maneno yake.

Tarehe 6 Machi 2023 nilipeleka barua kwa posta ya kusainiwa, nikitaja kifungu cha 99, namba ya mkataba, na maneno "nasitisha mkataba huu". Siku tatu baadaye nililetewa fomu kwa barua pepe, na nilipoisoma nikakuta ni ile ya kusalimisha. Sikuijaza. Nilipiga simu, dada wa upande wa pili akaniambia kwamba fomu zote ni sawa na kwamba gari haliwezi kuchukuliwa kabla sijalipa zile pauni 840. Nikamjibu kwamba deni la 840 nalikubali na nitalilipa, lakini kusitisha kwangu hakungojei malipo.

Gari lilikuja kuchukuliwa tarehe 22 Machi asubuhi, mvua ikinyesha. Nilikuwa nimelipiga picha jana yake pande zote nne, ndani, kwenye dashibodi, na kila gurudumu peke yake. Dereva alizunguka mara moja, akasema kuna mikwaruzo kwenye bampa la nyuma na kifuniko cha gurudumu la mbele kushoto kimepasuka, jambo ambalo lilikuwa kweli, nilikigonga mwenyewe kwenye ukingo wa barabara. Kisha akaninyooshea kishikwambi nitie saini kwa kidole. Skrini ilikuwa na matone ya maji na maandishi madogo. Nilitia saini. Mtu mzima niliyekwisha kuonywa, nilitia saini kitu nisichokisoma, kwa sababu tu yule kijana alikuwa analowa.

Tarehe 11 Aprili nikapokea barua ya deni. Salio la mkataba pauni 8,640, toa pauni 4,900 zilizopatikana mnadani, inabaki 3,740. Ongeza matengenezo ya mikwaruzo na gurudumu pauni 385, na gharama za kuchukua na kuuza gari pauni 120. Jumla pauni 4,245, zilipwe ndani ya siku 14. Chini ya barua waliandika kwamba nilisalimisha gari kwa hiari, kama inavyothibitishwa na saini yangu ya tarehe 22 Machi.

Niliandika malalamiko rasmi, nikaambatanisha nakala ya barua yangu ya tarehe 6, risiti ya posta na picha zote. Kampuni za fedha hapa zina wiki nane za kutoa jibu la mwisho, na hawa walizitumia karibu zote. Jibu lilikuwa kurasa mbili za upole zilizosema hapana. Katikati ya safari deni likapelekwa kwa wakusanya madeni, wakawa wananipigia saa mbili asubuhi, na kumbukumbu zangu za mikopo zikaandikwa kwamba nimekiuka mkataba. Hilo liliniuma kuliko pesa, maana nilikuwa naomba nyumba ya kupanga na wakala aliniuliza mbele ya watoto wangu.

Baada ya jibu la mwisho unapewa miezi sita kwenda Financial Ombudsman Service, chombo kinachosuluhisha migogoro kati ya wateja na kampuni za fedha, ambako mlalamikaji halipi chochote. Nilikwenda wiki ileile. Sitasema huduma yao ni ya haraka, kwa sababu nilingoja hadi Oktoba, na mara mbili niliombwa nyaraka nilizokuwa nimeshazituma. Lakini mchunguzi aliyepewa faili langu alilisoma, na hilo halikuwa limefanywa na mtu yeyote kabla yake. Alieleza kwamba mkataba ulikwisha siku barua yangu ilipowafikia, kwa hiyo nilipotia saini kwenye kishikwambi tarehe 22 Machi hapakuwa tena na mkataba wowote wa kusalimisha. Ilikuwa risiti ya kuchukuliwa kwa gari, basi. Akapendekeza nidaiwe pauni 840, mikwaruzo ihesabiwe kuwa uchakavu wa kawaida wa gari la umri ule, gharama za mnada zifutwe, na nilipe pauni 95 za kifuniko cha gurudumu. Kumbukumbu za mikopo zirekebishwe zionyeshe kwamba nilisitisha mkataba, bila alama ya kukiuka. Kampuni ilikubali bila kudai shauri lipande kutoka kwa mchunguzi hadi kwa msuluhishi mwenyewe (ombudsman), na kwa mtazamo wangu hiyo inaonyesha kwamba walijua tangu Aprili.

Kama ni kutoa nyota, idara ya mauzo ya kampuni hiyo ningeipa nne na idara ya kumaliza mikataba ningeipa moja, na hiyo moja ni kwa sababu ya adabu ya simuni. Mshauri wa Citizens Advice ningempa zote tano. Lakini asiniige mtu akidhani kurudisha gari ni bure. Kwa miezi 24 ya kuendesha Yaris nimelipa pauni 7,895, sawa na karibu pauni 329 kwa mwezi badala ya 240, na sina hata funguo ya kuonyesha. Kwa mtu ambaye gari lake bado linauzika kwa bei inayozidi salio, kulipa na kuuza kunaweza kumfaa zaidi. Apige hesabu zote mbili kwenye karatasi moja kabla ya kupiga simu.

Zile 840 niliziomba nizilipe kwa awamu sita za pauni 140, wakakubali, na za gurudumu nikazilipa mara moja. Barua ya kuthibitisha kwamba salio ni sifuri ilichukua wiki tano na simu mbili kufika, nami nimeitia katika bahasha moja na ile risiti ya posta ya tarehe 6 Machi.