Wakala aliyejua majira ya mto: uzoefu wangu wa Livingstone na Chobe

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapeleka wanangu Mikumi, na mara moja tulifika hadi Ngorongoro, kwa hiyo kilichonivuta kwenda kusini hakikuwa hamu ya kumwona simba kwa mara ya kwanza. Nilitaka kuuona mto Zambezi, na nilitaka watoto wazijue nchi ambazo madereva wa malori wa mtaani kwetu huzitaja kila siku. Mwanzoni mwa mwaka 2025 nilimpata wakala wa safari hapa Dar es Salaam anayepanga ziara za kusini mwa Afrika, na mwezi Juni, shule zilipofungwa, tukasafiri watu wanne: mimi, mume wangu na watoto wetu wawili wa miaka 9 na 14. Simtaji wakala huyo kwa jina, kwa kuwa nina mengi ya kumsifu na jambo moja zito la kumlaumu.

Nilikwenda ofisini kwake na orodha ndefu. Nilitaka maporomoko ya Victoria, hifadhi ya Hwange iliyoko Zimbabwe, na hifadhi ya Chobe na delta ya Okavango zilizoko Botswana, vyote ndani ya siku saba. Kijana yule hakunikatalia papo hapo, ingawa ingekuwa rahisi kwake kuniandikia ankara ya kila kitu. Alikunjua ramani mezani, akaweka kidole Kasane, mji ulio jirani na Chobe, akakiburuta taratibu kupitia Nata hadi Maun, mji ambao wengi huanzia safari ya kuingia Okavango, akaniambia, "Mama, hapa ni zaidi ya kilomita 600. Mtoto wa miaka 9 utamkalisha garini kutwa nzima kwenda, na kutwa nyingine kurudi." Tukaifuta Okavango, tukaifuta Hwange, tukabaki na usiku tatu Livingstone, upande wa Zambia, na usiku tatu Kasane, upande wa Botswana. Siku ile niliona nimenyimwa, lakini baada ya kuzipita barabara zile kwa macho yangu, namshukuru.

Sifa yake kubwa ni kwamba anayajua majira. Mawakala wawili niliowapigia kabla yake walianza na bei, naye alianza kwa kuniuliza kama tunataka kuona maji au kuona mwamba. Alinieleza kwamba Zambezi hujaa kwenye maporomoko kati ya Machi na Mei, na Aprili mvuke huwa mzito kiasi kwamba mtu husimama mbele ya maji yanayoanguka zaidi ya mita 100 asiyaone, ila analoa tu na kusikia ngurumo. Ifikapo Oktoba na Novemba mto hupungua, na upande wa Zambia sehemu kubwa ya ukuta ule wenye upana wa mita zipatazo 1,700 hubaki mwamba mkavu. Wanyama nao hufuata kanuni tofauti: kadiri mabwawa ya porini yanavyokauka, ndivyo tembo na nyati wanavyosogea kwenye mto Chobe, kwa hiyo anayetaka wanyama wengi zaidi huambiwa aende mwishoni mwa kiangazi, wakati uleule ambapo maporomoko ni dhaifu. Juni, alisema, inakupa sehemu nzuri ya vyote viwili, na ndivyo tulivyokuta.

Kisha akatazama kalenda ya mwezi. Juni 11 mwaka huo ulikuwa mwezi mpevu, naye akapanga tuwe Livingstone usiku huo, kwa sababu hifadhi ya maporomoko hufunguliwa usiku nyakati za mwezi mpevu kwa ajili ya upinde wa mvua unaotokana na mbalamwezi. Nakiri kwamba sikuwa nimewahi kusikia kuwa kuna kitu kama hicho. Saa mbili usiku, tukiwa tumevaa makoti ya mvua ya kukodi, tulisimama mwezi ukiwa nyuma yetu na mvuke ukiwa mbele, na taratibu, macho yalipozoea giza, tao jeupe likajitokeza juu ya korongo, likiwa na wekundu hafifu sana ukingoni. Simu zetu hazikuambulia chochote ila giza. Binti yangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akilalamikia baridi, alinishika mkono kwa dakika nyingi bila kusema neno. Wenyeji huyaita maporomoko haya Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma, na mwanangu mdogo ndiye aliyegutuka kwanza kwamba "mosi" ni "moshi" wetu. Tangu hapo akawa anawauliza wahudumu wa hoteli majina ya wanyama, nao wanaosema Kinyanja, mojawapo ya lugha za Zambia, wakampa "njovu" kwa ndovu na "njati" kwa nyati, akafurahi kuliko alivyofurahia bwawa la kuogelea.

Usafiri ulikwenda vizuri na sina la kurefusha: ndege hadi Lusaka, kisha basi mwendo wa takriban saa saba hadi Livingstone, na gari la kutupokea lilikuwepo kila mahali tulipoahidiwa.

Lawama yangu ni ya karatasi. Katika ankara kulikuwa na mstari wa dola 200, yaani dola 50 kwa kila mtu, kwa ajili ya viza ya pamoja ya Zambia na Zimbabwe, ile iitwayo KAZA, ambayo pia humruhusu mwenye nayo kuingia Botswana kwa matembezi ya siku moja kupitia mpaka wa Kazungula. Viza hiyo ipo kweli, na kwa mgeni anayetakiwa viza na nchi zote mbili ni msaada mkubwa. Sisi ni Watanzania. Pale uwanja wa ndege wa Lusaka nilipouliza viza zetu zinabandikwa wapi, ofisa wa uhamiaji alizitazama pasipoti, akanitazama mimi, akasema kwa upole kwamba Mtanzania anayekuja kutembea halipi viza Zambia, wala hatadaiwa Zimbabwe au Botswana. Akagonga mihuri minne, tukapita. Nililipia kitu ambacho nchi yangu ilikwisha kunipatia bure, na wakala wa Dar es Salaam, ambaye wateja wake wengi wana pasipoti kama yangu, alipaswa kulijua jambo hilo kuliko mtu yeyote. Siamini kwamba alikusudia kuniibia. Naona alinakili ankara ya wateja wa kigeni bila kuipitia. Lakini dola 200 ni fedha nyingi kwa familia iliyodunduliza mwaka mzima.

Kosa lake la pili lilikuwa dogo, ila lilitufadhaisha. Tulivuka kwenda Botswana kwa daraja la Kazungula, lililofunguliwa Mei 2021 mahali palipokuwa na kivuko, lenye urefu wa mita 923 na lililopinda ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Nilikuwa nimefunga chakula cha njiani, ikiwamo nyama iliyokaushwa niliyoinunua Livingstone. Upande wa Botswana tuliamriwa tushuke, tukakanyaga godoro lililoloweshwa dawa, na viatu vyote vilivyokuwa mabegini vikatolewa navyo vikanyagishwe, kwa sababu nchi ile inailinda mifugo yake dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo. Nyama ikatupwa mbele ya watoto. Dereva mmoja wa lori, mwenyeji wa Mbeya, aliyetusikia tukiongea Kiswahili, alinisogelea akaniamkia, "Shikamoo mama, hawakukuambia?" Nilipoitikia marahaba nilimjibu kwa kweli kwamba hapana, hawakuniambia. Katika ratiba ya kurasa sita, iliyokuwa na hata tahadhari ya kubeba jaketi zito kwa ajili ya alfajiri za Chobe, hapakuwa na sentensi moja kuhusu nyama. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ambavyo ofisa aliviomba hapohapo mpakani, nilivibeba kwa hiari yangu.

Chobe yenyewe sitaisahau. Magari ya kule ni ya wazi ubavuni, si kama yetu yenye paa la kuinuliwa, na kabla jua halijachomoza upepo hupenya hadi kwenye mifupa, ndipo nikaelewa kwa nini kila kiti kiliwekewa blanketi. Jioni tulipanda boti ndogo hadi karibu na kisiwa cha Sedudu, ambacho Botswana na Namibia zilikigombania hadi Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoamua mwaka 1999 kwamba ni cha Botswana. Mwongozaji alizima injini. Kundi la tembo liliingia majini mita chache kutoka kwetu, mikonga ikiwa juu, na ndama mmoja akazama kabisa ikabaki ncha ya mkonga wake tu, mama yake akimkinga upande wa mkondo hadi walipofika kwenye nyasi za kisiwani.

Niliporudi nilimwandikia wakala barua ya kurasa mbili, nikaambatisha picha za mihuri. Aliomba radhi siku hiyohiyo, na baada ya wiki tano dola 200 zilirudi zote. Nimekwisha kumwomba anitazamie Okavango kwa ajili ya Julai ya mwaka ujao, kwa kuwa maji ya mvua za Angola hushuka polepole na huijaza delta kati ya Juni na Agosti, na wiki gani inafaa analijua yeye kuliko mimi. Tumekubaliana kwamba kazi yake itakuwa tarehe, malazi na usafiri. Habari za viza, chanjo na forodha nitaziulizia mwenyewe kwenye ubalozi kabla sijatanguliza malipo.